Neno la Kukopa: Uhakiki wa Majina ya Kampuni za Mtandao katika Afrika Mashariki

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuyahakiki majina ambayo kampuni changa za mtandao, pamoja na huduma za fedha zitolewazo kwa njia ya simu, zimejipa katika Afrika Mashariki tangu mwaka 2007. Huenda msomaji akashangaa ni kwa nini majina ya biashara yapewe nafasi katika jarida la lugha na fasihi. Jibu lake si gumu. Jina la biashara ni matini fupi kuliko matini zote: lina mtunzi, lina hadhira, lina mbinu, na lina kusudi. Diwani ya mashairi yaweza kusomwa na watu mia chache. Jina kama M-Pesa hutamkwa na mamilioni kila kunapokucha, wakiwamo wasiopata kufungua diwani yoyote maishani mwao. Mhakiki anayelidharau jina la namna hiyo huwa amewaachia wafanyabiashara uwanja mpana wa lugha bila ya mwangalizi.

Yafaa isemwe mapema kwamba si majina yote yatakayojadiliwa hapa ni ya kampuni changa. Baadhi yake ni majina ya huduma za kampuni kubwa za simu na za benki. Yameingizwa kwa sababu ndiyo yaliyoweka kielelezo ambacho kampuni changa zilikifuata, na kwa sababu msemaji wa kawaida hatofautishi baina ya aina hizo mbili.

Kakamega ni mahali pazuri pa kuanzia mjadala huu. Yasimuliwa kwamba jina la mji huu lilitokana na jinsi Wazungu wa kwanza walivyokuwa wakiumega ugali kwa ncha za vidole, wakaudonoa badala ya kuumega tonge la kutosha, na wenyeji wakalitumia neno la Kiluyia la kitendo hicho kuwacheka. Iwe masimulizi hayo ni kweli au si kweli, yanafunza jambo moja lililo muhimu kwa uchunguzi huu: watu hawaridhiki na jina lisilo na maana. Wakilikosa asili yake, humtungia asili. Kampuni inayobuni jina la ajabu haina budi kukumbuka kwamba kazi ya kubuni haiishii ofisini mwake. Huendelea sokoni, katika vinywa vya wanunuzi.

Hoja itakayotetewa ni hii. Ugeni wa majina ya kampuni za mtandao hautokani na ufundi wa watunzi peke yao. Umelazimishwa na anwani za mtandao na sheria. Katika Afrika Mashariki, hata hivyo, majina yaliyoenea zaidi si yale yaliyobuniwa upya bali ni yale yaliyokopa maneno ya kawaida ya Kiswahili, hasa vitenzi. Lakini mkopaji ana wajibu wa kurudisha alichokopa kikiwa kizima. Majina ya huduma za mikopo, kama itakavyoonyeshwa, hayatimizi wajibu huo daima.

2. Chimbuko la ugeni

Kubuni neno lisilokuwapo ili liwe jina la bidhaa si jambo lililoanza na mtandao. George Eastman wa Marekani alilisajili jina Kodak mwaka 1888, na neno hilo halikuwa na maana yoyote katika lugha yoyote aliyoijua. Kilichozidishwa na mtandao ni haja ya kufanya hivyo. Hoteli iitwayo Mulembe, kwa salamu ya Kiluyia, yaweza kuwapo Kakamega, na nyingine ya jina hilohilo ikawapo Bungoma, na ya tatu Webuye, wala pasiwe na mteja atakayepotea. Anwani ya tovuti haina nafasi hiyo. Anwani moja ni ya mwenyewe mmoja katika ulimwengu mzima. Aliyetangulia kuisajili ndiye mwenyewe, na anayechelewa hana budi ama kuinunua ama kutafuta neno jingine.

Ndiyo maana baadhi ya maneno ya Kiingereza yalianza kukatwa viungo. Flickr, tovuti ya picha iliyoanzishwa mwaka 2004, haina herufi e kwa kuwa anwani yenye tahajia kamili ilikuwa mikononi mwa mwingine. Mtandao ulioitwa Twitter hadi mwaka 2023 ulianza mwaka 2006 kwa tahajia isiyokuwa na irabu hata moja. Kilichokuwa dharura kikageuka mtindo, na mtindo ukaigwa hata na wale ambao hawakuwa na dharura yoyote.

Sababu ya pili ni sheria. Sheria ya Alama za Biashara ya Kenya, Sura ya 506, inataja miongoni mwa alama zinazoweza kusajiliwa neno la kubuni, na pia neno lisiloelekeza moja kwa moja kwenye sifa au ubora wa bidhaa inayohusika. Maana yake ni kwamba muuza ndizi hawezi kwa urahisi kulimiliki neno ndizi, kwa kuwa kila muuza ndizi analihitaji. Anaweza kulimiliki neno twiga. Kampuni ya Twiga Foods, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2014 na kuanza kwa biashara ya ndizi, imefuata njia hiyo: twiga hali ndizi wala hauzi ndizi, na umbali huo baina ya jina na bidhaa ndio unaolifanya jina liwe imara mbele ya msajili.

Hapa nadharia ya isimu na kanuni ya sheria zinakutana. Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916, alifundisha kwamba uhusiano wa neno na kitu ni wa nasibu. Mfanyabiashara hutaka unasibu huo uzidishwe. Kwa upande mwingine, Viktor Shklovsky alishikilia mwaka 1917 kwamba kazi ya sanaa ni kukifanya kitu kilichozoeleka kionekane kigeni, ili mtu asikipite bila kukiona. Jina la kampuni changa hutamani yote mawili: liwe geni kiasi cha kumsimamisha mpita njia, na liwe jepesi kiasi cha kutosahaulika. Inabaki kuchunguza ni kwa mbinu zipi.

3. Miundo ya majina

3.1 Nomino iliyochukuliwa nzima

Mfano ulio bora ni Ushahidi. Jukwaa hili la mtandao lilianzishwa Januari 2008, katika siku za machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ili wananchi waweze kutoa taarifa za ghasia kwa simu na kwa barua pepe, na taarifa hizo zikaonyeshwa katika ramani. Nomino hii haikubadilishwa hata herufi moja. Inaeleza kazi ya jukwaa bila mapambo: mwananchi ni shahidi, na analotoa ni ushahidi. Zaidi ya hayo, neno lenyewe lina uzito wa mahakama na wa dini, nalo lilitumika wakati ambapo swali la nani alimtendea nani nini lilikuwa swali la uhai na mauti.

Jukwaa hilo lilipotumiwa Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010, jina halikutafsiriwa. Masikioni mwa Mhaiti asiyejua Kiswahili, Ushahidi lilikuwa neno geni kama Kodak. Jina moja, basi, laweza kuwa wazi kabisa nyumbani na la ajabu kabisa ugenini. Ugeni haumo katika neno; umo katika sikio. Jambo hili linaeleza kwa nini Kiswahili kimekuwa ghala linalopendwa na watunzi wa majina hata nje ya Afrika: kina silabi wazi zinazotamkika kwa wepesi, na wanunuzi wengi wa nchi za mbali hawajui maana zake.

3.2 Mseto

Aina ya pili huunganisha kipande cha Kiswahili na kipande cha Kiingereza. Pesapal, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2009, limeundwa kwa pesa na neno la Kiingereza lenye maana ya rafiki, kwa kufuatisha sauti za PayPal ya Marekani. Hili ni jina linalomtazama jirani yake mkubwa. Uzuri wake unategemea msikilizaji awe amekwisha kumjua huyo jirani. Ma3Route, huduma ya habari za barabarani jijini Nairobi, ina werevu zaidi. Neno matatu lilitokana na nauli ya zamani ya senti thelathini, yaani vipande vitatu vya senti kumi kumi. Kuandika tarakimu 3 ndani ya jina hilo ni kuirudisha hesabu iliyosahauliwa mahali pake. Ni mara chache mchezo wa tahajia kuwa na kumbukumbu ya historia namna hiyo.

Hatima ya majina ya mseto inastahili kuangaliwa kwa mifano miwili. BitPesa ilianzishwa Nairobi mwaka 2013 ikishughulika na sarafu za kidijitali. Mwaka 2019 ikajiita AZA, na neno pesa likaachwa. Sokowatch, iliyokuwa ikiwapelekea wenye maduka madogo bidhaa, ilijiita Wasoko mwaka 2022. Ya kwanza ilitoka katika Kiswahili, ya pili ikaingia ndani yake zaidi. Wasoko ni jina lililotungwa kwa busara, kwani lina usomaji wa namna mbili: laweza kusomwa kama wa soko, yaani mtu au watu walio wa soko, na pia laweza kusikika kama nomino ya wingi yenye kiambishi wa-, kana kwamba soko lenyewe ni kabila la watu. Jina la awali lilikuwa la mtu aliyesimama nje akilitazama soko, maana ndivyo kipande chake cha Kiingereza kinavyosema. Jina la pili ni la mtu aliye ndani.

3.3 Herufi M

Hakuna mbinu iliyozaa kuliko herufi M. M-Pesa ilizinduliwa nchini Kenya na Safaricom mwezi Machi 2007. M yake ni kifupisho cha neno la Kiingereza lihusulo simu ya mkononi, nayo hutamkwa kwa Kiingereza. Baada yake zikaja M-Kopa, M-Shwari, M-Tiba, M-Akiba, na huko Tanzania M-Pawa.

Jambo la kuvutia ni kwamba herufi hii ya kigeni iliangukia mahali ambapo sarufi ya Kiswahili ilikwisha kuweka kiambishi chake. M- ni kiambishi cha umoja katika ngeli ya mtu na katika ngeli ya mti. Kwa hivyo jina linajifanya la Kiswahili kabla ya mtu kulichunguza. Likichunguzwa, mshono huonekana. Hakuna asemaye mipesa kwa wingi. Watu husema M-Pesa yangu, wakifuata upatanisho wa neno pesa, kana kwamba M haipo. Katika M-Akiba, dhamana ya serikali iliyoanza kuuzwa kwa simu mwaka 2017, kanuni ya Kiswahili ingedai mw- mbele ya irabu, kama katika mwalimu na mwiba. Kistari ndicho kinachozuia kanuni hiyo isifanye kazi. Kistari hicho kidogo ni mpaka wa lugha mbili.

M-Kopa linahitaji uangalifu zaidi. Kampuni hiyo ilianza mwaka 2012 kuwauzia watu vifaa vya umeme wa jua kwa malipo ya kidogo kidogo. Kisarufi, nomino ya mtendaji inayoishia kwa -a hudai kijalizo: mpiga ngoma, mfua chuma, mla watu. Mkopa peke yake ni neno lililokatika. Msikilizaji hungoja aambiwe mkopa nini. Isitoshe, anayekopa ni mteja, kampuni hukopesha. Jina halikumtaja mwenye duka bali limemtaja mnunuzi, na kitendo kilichotajwa ni kile ambacho mnunuzi angependa kukificha mbele ya jirani zake. Liwe limekusudiwa au halikukusudiwa, hili ni miongoni mwa majina machache ya biashara ya mkopo yaliyo na mzizi kopa ndani yake. Umuhimu wa jambo hili utaonekana hivi punde.

3.4 Kupunguza irabu

Mtindo wa kukata irabu ulifika Nairobi kwa jina BRCK, kifaa cha kuunganisha watu na mtandao mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara. Kilitangazwa mwaka 2013 na baadhi ya watu waliohusika na Ushahidi. Ni neno la Kiingereza lenye maana ya tofali, lililonyimwa irabu yake. Mtindo huu haupatani na Kiswahili. Kiingereza huvumilia konsonanti zinazofuatana, hivyo msomaji wake hujaza pengo kwa urahisi; Kiswahili husimama juu ya irabu, na silabi isiyo nayo, isipokuwa ile ya nazali, haipumui. Msemaji wa Kakamega hulitia irabu mbili au tatu na kulifanya neno lake mwenyewe. Jambo la kutia moyo ni kwamba kampuni hiyohiyo, ilipotaka kuwapa abiria wa matatu mtandao wa bure miaka michache baadaye, iliuita Moja. Ilipokihitaji kinywa cha wananchi, ilirudi kwenye irabu.

4. Majina ya mikopo

Ikiwa kuna fungu la majina ambalo mhakiki hana haki ya kulipita kwa tabasamu, ni majina ya huduma za mikopo. M-Shwari ilianzishwa Novemba 2012 kwa ushirikiano wa Safaricom na Commercial Bank of Africa. Timiza ni jina la huduma iliyozinduliwa Kenya mwaka 2018 na benki iliyoitwa Barclays wakati huo. Jina hilohilo lilikwisha kutumiwa Tanzania na Airtel. Fuliza ilianza Januari 2019. Okoa Jahazi ni mkopo wa muda wa maongezi. Tanzania kuna Songesha ya Vodacom, na ilikuwako Nivushe ya Tigo Pesa, kabla ya Tigo kubadilisha jina na kuwa Yas mwaka 2024.

La kwanza linaloonekana ni taswira ya bahari. Shwari ni hali ya bahari isiyo na upepo wala mawimbi. Jahazi huokolewa lisizame. Nivushe ni sauti ya mtu aliye ukingoni mwa maji, anayeomba kufikishwa ng'ambo. Kwa jumla majina haya yanamchora mwenye shida kuwa msafiri aliyekumbwa na dhoruba, na mkopeshaji kuwa nahodha mwokozi. Taswira hii imechukuliwa kutoka pwani na kupelekwa hadi Kakamega, kilomita mamia kutoka baharini, na bado inaeleweka, kwa sababu misemo ya Kiswahili ilikwisha kuisafirisha zamani. Lakini taswira hiyo ina upungufu: nahodha mwokozi hamtozi anayezama ada kwa kila siku anayokaa chomboni.

La pili ni sarufi. Timiza, Fuliza na Songesha ni vitenzi katika umbo la amri ya umoja. Timiza limetokana na timia, kama vile sambaza lilivyotokana na sambaa na eneza na enea; viambishi hivi vya usababishi humpa mtendwa nguvu, kwamba jambo halitatokea lenyewe bali atalifanya yeye litokee. Mbinu ya amri haikuanza na simu. Leslie Scott, mzaliwa wa Tanganyika, aliutangaza mchezo wa vipande vya mbao alioupa jina Jenga huko London mwaka 1983, na amri hiyo ya neno moja imesikika duniani kote. Lakini amri ya kumwambia mtoto ajenge na amri ya kumwambia mtu mzima atimize kwa fedha za mwingine hazilingani uzito.

Nivushe ni tofauti. Hapa msemaji si kampuni, ni mkopaji. Kiambishi ni- kimetia maneno katika kinywa cha mwenye shida, na kiishio -e kimeyafanya kuwa ombi. Katika Fuliza kampuni humwamuru mteja; katika Nivushe mteja huisihi kampuni. Jina la pili linasema wazi zaidi nani ana nguvu na nani hana, na kwa hilo lina ukweli ambao majina ya amri hayana.

Songesha nalo lina maana mbili zinazoshindana. Kusonga mbele ni kuendelea. Lakini kusonga pia ni kubana na kukaza, kama asongaye ugali jikoni, au kama kitu kimsongacho mtu rohoni. Tangazo hukusudia maana ya kwanza. Lugha haikuifuta ya pili.

Fuliza ndilo lenye mafunzo makubwa. Katika Kiswahili cha kamusi, kufuliza ni kufanya jambo mfululizo bila ya kusita. Mtu hufuliza mwendo, mvua hufuliza kunyesha. Lilikuwa neno la vitabuni kwa wasemaji wengi wa bara. Huduma inayoitwa hivyo humwezesha mteja wa M-Pesa kumaliza malipo hata fedha zake zikipungua, yaani aendelee bila kusimama. Kwa upande huo jina linafaa, na yafaa aliyelichagua asifiwe kwa kulifufua neno lililokuwa likififia. Ila kuna upande wa pili. Mbali na ada ya kuipata huduma yenyewe, deni lake limekuwa likitozwa ada ya kila siku hadi lilipwe. Basi kinachofuliza si malipo tu. Deni nalo hufuliza. Maana ya kamusi, ambayo tangazo liliitumia nusu, inaeleza nusu iliyobaki kwa usahihi usiokusudiwa. Neno la zamani limesema kweli kumshinda aliyelikopa.

Wahenga walisema: kukopa arusi, kulipa matanga. Methali hii ina vipande viwili, na kipimo kinachopendekezwa hapa ni kuuliza kila jina limebeba kipande kipi. Shwari, timiza, fuliza, okoa: yote ni ya arusi. Matanga hayamo. Neno deni halimo katika jina hata moja kati ya yaliyotajwa. Inafunza pia kwamba programu moja ya mikopo iliingia Kenya ikiitwa Mkopo Rahisi, kisha ikaliacha jina hilo na kujiita Tala. Mkopo Rahisi halina ushairi, na msajili wa alama angeliona kuwa la kueleza bidhaa tu. Lakini mteja alijua anachukua nini. Tala, katika Kitagalogi cha Ufilipino, ambako kampuni hiyo pia hufanya kazi, ni nyota. Mkenya akilisikia hukumbuka mji wa Tala ulioko Machakos. Kwa kubadilisha jina, neno mkopo liliondolewa mlangoni, wala mkopo wenyewe haukuondoka.

Wapo watakaosema kwamba jina ni jina tu, na kwamba mtu mzima hukopa kwa hiari yake. Hoja hii ina ukweli fulani, lakini yasahau kwamba Bunge la Kenya lenyewe liliona haja ya kuwadhibiti wakopeshaji wa mtandao kwa sheria ya mwaka 2021, na kanuni zake zikatolewa na Benki Kuu mwaka 2022. Kanuni hizo zinashughulikia leseni, ada na namna ya kudai. Uhakiki wa majina ni kazi ya wengine, na ni vigumu kuona itafanywa na nani ikiwa idara za Kiswahili zitaikataa.

5. Wasomi, wafanyabiashara na wasemaji

Inafaa hapa wasomi nao wajitazame. Kompyuta ilipoingia, wataalamu walipendekeza ngamizi na tarakilishi. Simu ya mkononi ikapewa jina rununu, neno la zamani lililopewa kazi mpya. Yamo katika vitabu vya shule na katika mitihani. Sokoni Kakamega watu husema kompyuta na simu. Wakati huohuo, mtu wa soko hilohilo akisema kwamba amefuliza, hakuna atakayemwuliza alifuliza kwenda wapi. Akiomba asambaziwe muda wa maongezi, ataeleweka papo hapo.

Tofauti haiko katika ubora wa maneno. Rununu na fuliza yaliundwa kwa mbinu ileile ya kulifufua neno la kale. Tofauti ni kwamba neno la msomi lilikuja peke yake, likadai kukumbukwa. Neno la mfanyabiashara lilikuja pamoja na kitendo, likatamkwa kila kitendo kilipofanywa, na likalipiwa matangazo. Funzo si kwamba wasomi waache kuunda istilahi. Funzo ni kwamba istilahi isiyokuwa na kitendo cha kila siku nyuma yake itabaki mgeni hata ikizaliwa nyumbani.

Kuna pia suala la umiliki. Kampuni ya Disney iliomba mwaka 1994 kusajili nchini Marekani maneno hakuna matata kuwa alama ya mavazi, na yakasajiliwa mwaka 2003. Mwishoni mwa mwaka 2018 maelfu ya watu walitia sahihi ombi la kupinga usajili huo. Ni haki kueleza kwamba usajili wa namna hiyo haumkatazi mtu kuyatamka maneno hayo. Humzuia mshindani kuyatumia katika bidhaa za aina ileile. Hata hivyo hasira ile ilikuwa na msingi. Wasemaji waliona kwamba kilichokuwa cha wote kimeandikwa jina la mmoja, wala hakuna aliyewauliza.

Lakini wasemaji nao si wanyonge kama inavyodhaniwa. Timu ya kandanda iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la Waluyia ililazimika mwaka 1980, pamoja na timu nyingine zenye majina ya makabila, kubadilisha jina, ikawa AFC Leopards. Mashabiki wa Kakamega walipokea jina rasmi, kisha wakaendelea kuiita Ingwe, yaani chui, kwa Kiluyia chao. Karatasi ilikuwa na jina lake na uwanja ulikuwa na lake. Ndivyo itakavyokuwa kwa BRCK, kwa Tala, na kwa mengine yatakayokuja: kampuni husajili, watu huita.

6. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba majina ya ajabu ya kampuni za mtandao yana sababu zinazoelezeka: anwani ni chache, sheria hupendelea neno lililo mbali na bidhaa, na sikio husimamishwa na kisichozoeleka. Imeonyeshwa pia kwamba Afrika Mashariki imepata njia yake, ambayo ni kukopa nomino na vitenzi vya Kiswahili, na kwamba njia hiyo imekirudishia Kiswahili baadhi ya maneno yaliyokuwa yakisahauliwa. Kwa upande wa mikopo, hata hivyo, maneno yamekopwa kwa upande wao mtamu peke yake.

Mambo mawili yanapendekezwa. Kwanza, idara za Kiswahili ziyakusanye majina haya pamoja na miaka ya kuanza na kufa kwake, kwa kuwa kampuni changa hufa haraka na majina yake hufa nazo bila kumbukumbu. Pili, watungaji wa kamusi wasiikwepe kazi iliyo mbele yao. Maana mpya ya fuliza imekwisha kukaa katika vinywa vya watu, nayo inastahili kuandikwa: kutumia fedha zaidi ya zilizopo kwa mkopo wa simu. Lakini iandikwe ya pili. Ya kwanza ibaki kuwa kufanya jambo bila ya kusita, ili mwanafunzi wa kesho, akilifungua ukurasa huo huku simu yake ikimdai, aweze kuzisoma zote mbili kwa pamoja.